Medali ya Nekesa na Ndoo ya Bi Zainabu

Jumapili usiku, Matisi

Bado simwamini huyu msichana wangu. Nekesa, wa kusukumwa hata kuosha kikombe chake, ati tangu Kwaresima anamchotea maji Bi Zainabu, jirani yetu mwenye magoti mabaya. Na hakuna aliyemwambia!

Najua anafuata medali ya kanisa. Skauti Mkatoliki kama yeye haipati bila tendo la huruma. Nilimwambia baba yake, "Ngoja avalishwe, utaona kama atagusa ndoo tena." Akacheka tu.

Jumapili iliyopita, kule Bungoma, padri alimvalisha. Nikapiga vigelegele, halafu nikangoja. Jumatatu akaenda kisimani. Jumanne pia. Wiki nzima!

Nikashuku kuna medali nyingine, kubwa kuliko hiyo. Leo baada ya Misa nikamshika katekista mlangoni, nikamuuliza.

"Hapana, Mama Nekesa. Kwa umri wake ni hiyo tu. Amemaliza."

Nimerudi nyumbani nikiwa bado na wasiwasi. Medali imetupwa kitandani. Kikombe chake kiko mezani, kichafu kama kawaida. Ndoo haipo.

Nimekiosha mimi.