Viatu Vyangu Kifuani kwa Mama Mkwe

Chinatsu shoga yangu, nimekwisha. NIMEKWISHA.

Leo Sohei wangu kanikutanisha na mama yake, tukaenda kutembea ngomeni Matsumoto. Si unajua mle unavua viatu mlangoni, unavibeba mwenyewe? Vyangu nikavitia kwenye mfuko wa kitambaa. Zawadi ya kumpa mama yake, zile keki za maharage, ilikuwa kwenye mfuko mwingine kama huohuo. Akili zangu!

Ghorofa ya juu kabisa nikapiga magoti, nikainama, mikono miwili: "Mama, ni kitu kidogo tu, pokea."

Akapokea. Akaupakata.

Na sisi Wajapani hatufungui zawadi mbele ya mtoaji! Akashuka nao zile ngazi za kuvunja shingo, kaukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. VIATU VYANGU, Chinatsu! Vile vinavyonuka!

Mlangoni watu wanavaa viatu, mimi nafungua mfuko, nakuta keki. Nimesimama na soksi. Sohei anauliza, "Vipi tena?" Namwonyesha keki.

Mama akafungua wake. Akachungulia.

Kisha akaufunga, akautia kwapani.

"Viatu ninavyo mimi," akasema. "Sasa tuone utamkimbiaje mwanangu."