Mama Mkwe Hataki Kusimama Pembeni

Mpendwa Shangazi,

Nisaidie, na unisaidie upesi, maana nyumba yangu imegeuka uwanja na uwanja umegeuka nyumba, na mimi niliye katikati yamenifika shingoni.

Mimi ni mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Tulipohamia nchi hii, mimi, mume wangu fundi wa kuchomelea, mtoto wetu na mama mkwe, mpira wa pete hakuna aliyeujua, ukiutaja wanakuuliza kama ni ule wa vikapu wa watu wasiojua kudundisha, nami mchezo huo ndio damu yangu tangu shule, basi nikamwomba mume wangu anichomelee pete mbili, tukazisimamisha nyuma ya chumba cha kufulia pale magari ya shuka yanapogeuzia, nikachora mistari kwa rangi, nikaanza kuwafundisha wenzangu wa zamu saa ya mapumziko. Wakaja wauza mikate wa jirani, wakaja walimu, wakaja wanawake wa posta, na leo zipo timu nne, Shangazi, nne, na mwamuzi ni mimi peke yangu kwa sababu hakuna mwingine anayezijua sheria.

Mama mkwe alikuja siku ya kwanza kuniletea maji tu, nikawa nimekosa mlinzi wa goli, nikamvisha kizibao. Ni mrefu, ni mpana, akisimama chini ya pete mfungaji haioni. Wakampa jina, Ukuta, wakampigia makofi mpaka akaanza kutembea vingine. Kizibao chake hakiingii kwenye mashine, anakifua kwa mkono na kukianika dirishani upande wa barabara. Tatizo ni kwamba anasukuma. Anamshika mfungaji kama anayemsindikiza mgeni mlangoni. Na sheria iko wazi, ukimgusa mwenzako mwamuzi anapuliza, unasimama pembeni yake mikono chini, hushiriki kitu mpaka mpira umtoke mkononi. Mwanzoni nilikuwa nampitishia, ni mama, nani angempulizia.

Sasa sikiliza kilichonikuta. Chama cha mchezo huu, ambacho chenyewe kimezaliwa juzi, kinamleta mtu wake Jumamosi kututazama tukicheza, akiridhika tunaingia ligi ya mji na tunapewa ukumbi wenye paa. Wiki iliyopita nawachezesha wauza mikate na walimu, nahodha wa wauza mikate, mwanamke wa makamo, anampiga mfungaji kikumbo cha wazi kabisa, napuliza, hasogei. Namwambia simama pembeni. Ananitazama kwa upole, anasema, "Mimi ndiye Mama wa timu."

Nikamuuliza, "Mama gani?"

"Kila timu ina Mama mmoja asiyesimama pembeni. Si ndiyo sheria? Wewe ndiye uliyetufundisha."

Nikawageukia walimu, wakaitikia kwa kichwa, wakanionyesha Mama wao. Hata posta wanaye, wamemchagua kwa kura.

Shangazi, nilitamani ardhi inimeze. Kwa hiyo mazoezi ya kesho yake mama mkwe alipomsukuma mtu nikapuliza. Akadhani nampulizia mwingine. Nikamwonyesha kwa mkono, ni wewe, mama, simama pembeni. Akavua kizibao, akakikunja vizuri, akaniwekea mkononi mbele ya watu wote, akasema, "Nimemzaa mume wako, leo unanipulizia kama mwizi." Akaenda zake. Tangu hapo hasemi nami. Mezani anamwambia mtoto, "Mwambie mama yako asogeze chumvi," na mimi nimekaa ubavuni pake. Na mume wangu, ambaye hata kuushika huo mpira hajawahi, ananiambia, "Pete nilizichomelea mimi, na mama ni wangu. Usipomwomba radhi kabla ya Jumamosi nazing'oa zote mbili." Niombe radhi kwa lipi? Kwa kujua sheria? Mimi niliyeuleta mchezo huu hapa, nikainama na brashi ya rangi mpaka mgongo ukakataa, ndiye nipige magoti? Niambie wewe, kwa sababu mimi nikifungua mdomo nitavunja nyumba.

Mwenye Filimbi

*

Mwenye Filimbi,

Pole. Pole yako ndiyo hiyo, sasa tuzungumze.

Tuanze na mumeo, kwa sababu kesi yake ni nyepesi. Pete zilikuwa zake siku aliyozichomelea. Leo akizing'oa itabidi awaeleze wauza mikate sababu, asubuhi, akiwa kwenye foleni ya mkate. Hatazing'oa. Amebanwa kati ya mke na mama na hana pa kukimbilia. Mhurumie kidogo, kisha mpuuze.

Haya, wewe. Umemwaga hasira karatasi nzima, na katikati umepenyeza maneno machache ukidhani sitayaona: ulikuwa "unampitishia". Ulimpitishia mpaka timu nne zikaiga. Mtu mgeni katika mchezo hawezi kutofautisha sheria na haya ya mkwe. Anajifunza anachokiona, na walichokiona ni mwamuzi mwenye filimbi mdomoni asiyeipuliza. Posta wamepiga kura, bibi wewe! Walikutii kuliko ulivyostahili.

Na nani kakwambia kilichomuuma mama mkwe ni heshima? Huyu ni mwanamke aliyehamia ugenini na umri umekwenda, hajulikani na mtu, akapata jina na makofi, akawa anaanika kizibao dirishani barabara nzima ikione. Aliamini yeye ni mlinzi hodari. Hukumwambia hata siku moja kwamba anakosea. Halafu mbele ya watu walewale ukamjulisha kwa filimbi moja kwamba ulikuwa unambeba. Hata mimi ningevua kizibao. Na chumvi ningemwagiza mtoto.

Kwa hiyo radhi utaomba, na usinikunjie uso. Huombi kwa kupuliza. Unaomba kwa miezi yote uliyonyamaza. Nenda leo, bila mumeo, bila mtoto wa kutumwa, na kizibao chake mkononi, umekifua kwa mkono. Mwambie, mama, nilikuonea haya nikakunyima kujua mchezo. Kisha mtoke nje, umfundishe kukaa hatua moja kubwa mbali na mfungaji na kuinua mikono. Kwa urefu ule hahitaji kumgusa mtu.

Kesho waite manahodha wote na hao Mama zao, uwaambie sheria hiyo haipo na aliyewapotosha ni wewe. Watakucheka. Wacha wakucheke nyuma ya chumba cha kufulia, kuliko mgeni wa chama akawacheka wote.

Jumamosi mama mkwe atagusa mtu tu, mazoea hayaishi kwa siku mbili. Puliza palepale, kwa nguvu ileile unayowapulizia wengine. Akisimama pembeni, mikono chini, usimtazame usoni. Tazama mpira.

Shangazi