Maji Yanayopita Kiwanjani Kwako

Tudor, Mombasa
9 Oktoba 1998

Mpendwa mdogo wangu Tsofa,

Pokea salamu zangu, umpe na wifi yangu Loise pamoja na wanao. Natumai baridi ya Nakuru haijawazidi, na kile kifua chako kimetulia. Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Binti yangu Becky amerefuka, anavaa viatu vyangu. Pale dukani Biashara Street wateja ni haba, lakini leso hazikosi mnunuzi, hatulali njaa. Najua nimekaa kimya muda mrefu. Kimya hicho kina sababu, na leo nataka kukueleza.

Zile mvua za mwaka jana wewe ulizisikia redioni, sisi zilitukuta ndani. Vyoo vya mtaa vilifurika, na uchafu wa nyumba zote za juu ukateremka kwenye uchochoro wetu hadi baharini. Kisima kikaingiwa. Watu waliendelea kuchota humo, maana mifereji ya maji ya bomba ilikuwa mikavu, na kipindupindu kikaja. Kuwa Becky alilazwa unajua. Ambalo sikukwambia ni kwamba kitanda cha pili alilala Winnie, binti wa Kadenge, yule jirani yetu seremala. Becky aliinuka. Winnie tulimzika.

Baada ya matanga alikuja injinia, Bi Eddah, ametumwa na shirika la kanisa. Alituita mkutanoni akatueleza kwamba maji taka ya mtaa mzima yanaweza kukusanywa kwa mabomba, yakatuama kwanza kwenye tangi, kisha yakapita polepole katika kitalu cha kokoto kilichopandwa matete, yakasafika kabla ya kuingia baharini. Mzee Chonga aliuliza nani atakaa na uvundo huo. Akajibiwa kwamba maji yatapita chini ya kokoto, hayataonekana. Wengine walicheka, wakasema mavi hayasafishwi kwa majani.

Tabu ilikuwa mahali. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo kitalu kilitakiwa kiwe chini ya nyumba zote, na chini huko palibaki kiwanja kimoja tu kisichojengwa. Mkutano ukavunjika bila uamuzi.

Jioni Kadenge alikuja kwangu. Hakuketi. Alisema, "Mimi sina tena wa kumkinga, Kadzo. Wewe unaye." Akaenda zake.

Kazi ilianza wiki ile ile. Wanaume walichimba, sisi wanawake tukabeba kokoto kwa karai, na Kadenge akatengeneza mifuniko ya tangi. Matete yalikawia kushika. Nilidhani yatakufa yote. Mwezi uliopita Bi Eddah aliyakinga maji yaliyotoka upande wa pili, akayatia kwenye gilasi. Alituonya kuwa si ya kunywa, lakini yalikuwa meupe na hayanuki. Gilasi ikapita mkono kwa mkono. Ilipomfikia Kadenge alikaa kitako juu ya kokoto akalia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Tsofa, kiwanja hicho ni chako. Ni kile alichokuachia baba, ulichosema utajenga ukistaafu reli. Nilikubali mimi. Wazee wa mtaa waliniuliza kama nimekuarifu, nikawajibu ndiyo, umeridhia. Niliwadanganya. Namba ya simu ya pale stesheni kwako ninayo, ningeweza kupiga. Sikupiga kwa sababu niliogopa utakataa, na ungekataa ungekuwa na haki. Usimlaumu Kadenge wala Bi Eddah; hawakujua kuwa nimedanganya.

Juzi nimewaeleza wazee ukweli. Mbele yao nimesema pia kwamba nyumba hii ninayokaa, aliyoniachia baba, sasa ni yako. Mimi na Becky tutatafuta chumba cha kupanga humu humu Tudor. Sisemi hivi ili unihurumie ukatae. Ichukue.

Ukija na hasira, njoo nayo, mimi ni dada yako nitaistahimili. Ila kabla ya kunisemesha neno, teremka kwanza ukayaone yale maji.

Becky anakuamkia. Mzee Chonga anauliza habari zako kila anionapo. Mungu akulinde kazini, wewe na wenzako wote wa relini.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Kadzo