Mvivu wa Wodi ya Wazazi

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inalalamika. Kifua chako vipi? Na mdogo wangu na tumbo lake?

Huku wodi ya wazazi tumeletewa mdoli, mtoto mchanga wa mpira. Mwalimu wa mazoezi anatokea kazi ikiwa imepamba moto, anamlaza kitandani na kupaza sauti, "Mazoezi! Mtoto hapumui!" Hapo tunafanya kama ni kweli, chumba kilekile, vifaa vilevile. Tumempa jina Mvivu, maana halii ng'o.

Jana niliongoza mimi. Nikakimbilia pampu ya kumpulizia mtoto hewa, nikakuta kabati limefungwa. Ufunguo uko mfukoni mwa msimamizi wa wodi, naye yuko mkutanoni. Nikabaki nimeshika kitasa. Mvivu akafa. Wenzangu walicheka, nami nikacheka, ila nilipofika nyumbani chakula kilinishinda.

Mlete mdogo wangu ajifungulie huku kama tulivyopanga.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimetulia. Mdogo wako anakula vizuri na kugombana na mumewe vizuri, kwa hiyo hajambo.

Makubwa haya! Mtu mzima na sare yake anacheza na mdoli, na bado mdoli anamfia?

Mtoto wa kwanza wa mdogo wako tulirudi naye kutoka hospitali amefungwa shuka, hujasahau. Siku ile nilimwona nesi anakimbia huku na huku akitafuta kitu. Miaka yote nimejiuliza alikuwa akitafuta nini. Sasa nadhani najua.

Huko hatuji. Tutakwenda kwingine.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote, ingawa najua umenikasirikia.

Huko kwingine nako kuna kabati, mama. Letu tumelijua kwa sababu Mvivu alikufa. Kesho yake tulipigilia msumari ukutani kando ya kitanda, pampu ikaning'inizwa hapo. Msimamizi alinung'unika kwamba tunamharibia rangi, kisha akashika nyundo mwenyewe.

Mwalimu amerudi mara kadhaa, mara nyingine tukiwa hoi. Siku moja alituzimia taa, nikatamani kumrushia huyo Mvivu. Siku nyingine nilimpulizia kichwa kikiwa kimeinama, hewa haikuingia. Nikamnyanyua kidevu, nikarudia hadi ikaingia.

Sikufichi, naogopa. Lakini naogopa zaidi mdogo wangu akiwa mikononi mwa mtu nisiyemjua. Nijibu, hata kwa kunigombeza.

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Shikamoo yako ya pale mlangoni mwa wodi sikuiitikia, uchungu ulikuwa umeshamkamata mdogo wako. Tumefika nyumbani salama. Anatembea polepole na ameanza tena kumfokea mumewe.

Barua yako sikuijibu. Mdogo wako ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Mimi nakwenda kwa dada," akabeba mfuko wake. Ningefanya nini?

Mtoto alipotoka, kimya. Nikangoja mtu aseme "Mazoezi!" Hakuna aliyesema. Mdogo wako ananibana mkono, ananiuliza, "Mama, mbona halii?" Niliona shuka lile.

Kisha nikaona mkono wako unakwenda kwenye msumari. Hata ukuta hukuutazama. Ukamnyanyua kidevu kidogo, ukaanza kupuliza, unahesabu kwa sauti ya mtu anayepima unga. Mwenzako akashika saa, mwingine akamfunika miguu. Nilitazama chumba kizima. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyetafuta kitu.

Nilitaka kukushukuru, lakini ulikuwa umeshaitwa kitanda kingine. Basi pokea hapa: ahsante, mwanangu. Na huyo Mvivu wenu mumwoshe vizuri.

Huku mtoto analia mpaka majirani wanachungulia. Mama yake anataka kumnyamazisha upesi. Namwambia, mwache kwanza.

Bibi yake