Nyuzi Zinazojitafutia Njia

Dada Mwanaesha,

Assalamu alaikum. Huku kisiwani Amu kuna joto na mahamri matamu, lakini leo hata mahamri niliyasahau. Kwenye kambi yetu ya sayansi alikuja Bi Salma, mtafiti wa ubongo, akatuonyesha video iliyopigwa kwa darubini. Yeye na wenzake wamechapa kiunzi chembamba kwa mashine, kina vitundu kama vya kofia alizokuwa akishona Bibi. Juu yake wamekuza seli shina za binadamu, zile ambazo bado hazijawa kitu, zikageuka seli za ubongo. Nimeona kila moja ikitoa uzi, ukapenya tundu hadi tundu mpaka ukaifikia seli nyingine.

"Nani anazishona?" nikauliza.

"Fundi kofia huyo," mwenzangu wa kambini, Athmani, akanicheka.

"Hakuna anayeshona," akasema Bi Salma. "Sisi tunachapa vitundu tu. Njia, nyuzi zinajitafutia zenyewe."

Nikajikaza nikamuuliza kama zitamrudishia Bibi mkono wake wa kulia uliopigwa na kiharusi.

"Bado, mwanangu, sikudanganyi. Hizi ni za kujifunzia. Lakini hata ubongo wa bibi yako hutafuta njia nyingine, mkono ukizoezwa kila siku."

Dada, sisi tulimfichia sandukuni kofia aliyokuwa hajaimaliza ili asihuzunike. Naomba uitoe leo, umshikishe sindano ya kushonea kwa mkono huo. Akishona kombo, mwache. Nitaivaa hivyo hivyo Idi.

Mola awape afya nyote. Nibusie mkono wake, ule wa kulia.

Nduguyo,
Bakari