Sufi ya Kondoo

Mama mpendwa,

Kamwene. Nakuandikia hapa Matembwe, nimekalia kigoda chako, vidole vinanuka mafuta ya sufu, na hasira bado haijaniisha.

Unakikumbuka kile kibao cha siku ya kwanza tulipopeleka sweta zako sokoni Makambako? Mimi, msomi wa kidato cha nne, niliandika kwa rangi nyekundu: SWETA ZA SUFI YA KONDOO. Baba mmoja akasimama, akasoma, akauliza, "Samahani mama, kondoo wenu wanaota mtini? Sufi si ile ya kujazia mito?" Nilitamani ardhi inimeze. Wewe ulicheka mpaka ukashika mbavu, kisha ukamvalisha sweta palepale. Hakuivua tena. Jioni nilipotaka kukifuta kibao ulinizuia: "Kiache, mwanangu. Anayekuja kucheka atashika, na akishashika, baridi itamalizia maneno."

Hukuwa mpole kila siku, tusidanganyane. Nilipoichemsha sufu badala ya kuiosha kwa maji ya uvuguvugu, ikajikunja ikawa ngumu kama zulia, ulininunia siku nzima. Kesho yake ukaikata vipande, ukatutandikia ndani ya mabuti.

Tangu tukuzike, Kaka Yohana ana wimbo mmoja tu: parachichi. Anataka zizi livunjwe apande miche. Kwa miche simlaumu, imewasomeshea wengi watoto. Lakini juzi alikuja na mnunuzi wa nyama na gari kutoka Makambako, bila hata kuniambia. Kondoo wako wote kumi na mmoja, Mama! Mimi nilikuwa nimeshawanyoa watano. Nikasimama kwenye mlango wa zizi, mkasi mkononi. Mnunuzi akarudi nyuma, akidhani nimechanganyikiwa. Huenda hakukosea.

"Pisha, mdogo wangu," Kaka akasema. "Usitutie aibu mbele ya mgeni."

"Sipishi, Kaka."

"Kondoo ni wa Mama. Na Mama hayupo."

Hapo nililia, Mama. Nililia mbele ya mgeni, maana tangu msibani hakuna aliyelisema neno hilo wazi namna ile. Nimekukumbuka mno. Ila mlangoni sikutoka.

"Mimi nipo," nikamwambia.

Gari limerudi Makambako tupu. Kesho nawanyoa sita waliobaki.

Pumzika, Mama.

Kitindamimba wako