Sufuria Mpya za Wakwe

Isansa, 4 Juni 2023

Mwanangu Tusekile,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila mgongo unamsumbua baba yako tangu tuanze kuchuma kahawa. Wewe na mkwe wetu Abdulswamad hamjambo huko Unguja? Simu hatupigi, kama ulivyotukataza, na hii naituma kazini kwako.

Nimefurahi kwamba wakwe watakuja tarehe kumi na tano Julai tujuane. Nimenunua sufuria mpya, hazijawahi kupikiwa nguruwe, na Mzee Bashiri amekubali kutoka Tunduma aje achinje ng'ombe. Waambie wasiogope kula kwetu.

Mama yako

Isansa, 20 Julai 2023

Mwanangu,

U mzima? Tuliwangoja tangu asubuhi mpaka jua likazama. Mzee Bashiri alichinja, akala peke yake kwenye zile sufuria, akituonea huruma. Baba yako hakuvua koti mpaka majirani walipoondoka. Kuna mgonjwa huko? Andika hata mstari mmoja.

Mama

Unguja, 11 Novemba 2023

Mama yangu,

Shikamoo, na baba pia. Mimi mzima, nina mimba ya miezi saba.

Hawakujua kama wanangojewa. Ile tarehe niliitunga, maana ulikuwa unaniuliza kila barua, nikidhani nitapata ujasiri kabla haijafika. Humu ndani mtu wa bara ni wa kufua na kupika. Siku ya kwanza mama mkwe alizitazama nywele zangu, akautazama mkono wangu mweusi karibu na wa mwanawe mweupe, akauliza watu wangu ni akina nani. Niliogopa, nikasema wazazi wangu walishafariki. Mume wangu naye anaamini hivyo.

Nisamehe, mama. Sasa wanatafuta yaya kutoka bara, na mimi nakulilia wewe.

Mwanao Tusekile, humu naitwa Nuria

Isansa, 2 Desemba 2023

Mwanangu,

Pole na hali. Barua nimeipata, baba yako sijamsomea. Nimelia, na hasira haijaisha. Kuzikwa ukiwa hai na mtoto uliyemzaa kunauma, sikufichi.

Lakini kwetu mtoto wa kwanza huogeshwa na bibi mzaa mama. Waambie umepata yaya, mjane wa Mbozi, mchapakazi, asiye na maneno mengi. Nitalala watakaponiweka. Mbele yao nitakuita Bi Nuria. Wewe jikaze tu, hata uchungu ukikushika, usiniite mama.

Mama yako